Karatasi Zenye Kasoro

Unaniuliza alianza lini kuandika.
Mimi najua alianza lini kuishiwa karatasi.

Majira yale ya baridi kiwanda cha Kemi kilinipa zamu ya usiku,
meza ya ukaguzi: karatasi inapita, jicho linaifuata,
yenye doa au mkunjo inatupwa kando.
Mnyapara Rautio aliniachia nibebe nilizozikataa,
kilo moja kila Ijumaa; daftarini akaandika: za kufungia samaki.
Samaki! Nyumba yetu haikunusa samaki hadi barafu ilipovunjika.
Taisto alizijaza zote, mbele na nyuma,
na penye doa aliweka sayari.

Naam. Zile sayari kumi na nne
ambazo maprofesa wanazitafutia maana
ni mafuta ya mashine namba tatu.

Mama alikuwa akinung'unika: mwanamume mzima
anaongea na nyota,
dada yake anavaa viatu vya marehemu baba.
Nikamwambia viatu vinanikaa, nikivaa soksi mbili.
Usiandike kwamba nilikuwa jasiri.
Nilikuwa na usingizi.

Nikirudi alfajiri ananisubiri mlangoni, kurasa mkononi,
hata koti sijavua. Ananisomea.
Mimi nimesimama, theluji inanitiririka shingoni,
namwambia: Taisto, watu arobaini, safari ya miaka tisa,
wanakunywa nini?
Akanyamaza. Akakata mistari, akaandika pembeni:
Vieno kasema wabebe maji.
Lile tangi linalopasuka katika kitabu cha tatu,
lililowaliza wasomaji hadi Osaka,
ni langu.

Kulikuwa na mtu, Eino Kangas,
dereva wa treni ya magogo, mikono mipana kama makasia.
Alitaka twende Sweden, kwenye viwanda vya magari.
Nikasema, ngoja kaka amalize sura ya mwisho.
Hukuwahi kumjua kaka yangu na sura zake za mwisho.
Eino alingoja miaka miwili na miezi,
kisha ikaja picha: gari jekundu, na mwanamke ndani yake
amefunga kitambaa kizuri kichwani.
Hilo usiliandike.
Au liandike. Eino amekwisha kufa, wala hakuwa mtu mbaya.

Sifa zilipokuja zilikuja kwa posta, zina stempu za Praha.
Shati la kwenda kupokelea tuzo nililipiga pasi mimi,
kola mara mbili, maana alikuwa na shingo ya korongo.
Hotuba niliisikiliza redioni, nikimenya viazi.
Akawashukuru wote waliomsaidia.
Nikajisemea: wote ni wengi.
Nikaongeza chumvi, nikasahau, nikaongeza tena.
Jirani Helvi alikula bila neno, Mungu amweke pema.

Huku mwishoni, hospitalini Oulu,
kalamu ilikuwa inamponyoka kama kipande cha sabuni.
Akaniuliza, Vieno, karatasi zipo?
Zipo, nikasema. Nilinunua dukani, kwa bei ya kitu cha maana,
mimi niliyekuwa natupa karatasi usiku kucha.
Akaipapasa moja, akaigeuza,
akaitafuta kwa kidole kama kipofu.
"Nyeupe mno hii," akasema. "Sijui nianzie wapi."

Basi nikachukua kikombe changu cha kahawa,
kilikuwa kinachuruzika chini,
nikakiweka juu yake, nikakiondoa.

Akaitazama duara ile hadi muuguzi akaja kuzima taa.
Alichokiona humo hakuniambia,
nami sikumuuliza; tangu lini nilimuuliza?
Ninayo ile karatasi, droo ya vijiko. Hapana, haionyeshwi.

Haya, kahawa yako inapoa.
Na hiyo unayoandikia, hapo pembeni,
ina mkunjo.
Ningeitoa.